Mdudu Aliyetoka Mgongoni mwa Dada

Dada yangu alirudi Kishanda kutoka visiwani akiwa amekonda, na wiki chache baadaye mgongo na mapaja yakajaa majipu. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Mumewe, mvuvi, alikwisha kuzikwa. Ilikuwa miaka ile ambayo karibu kila kibanja kilikuwa na kaburi bichi katikati ya migomba, na watu walikuwa wameacha kuulizana marehemu alikuwa anaumwa nini. Majirani walipoyaona majipu yale walisema silimu, yaani UKIMWI, imeanza kumla ngozi.

Mimi nilikuwa nafundisha biolojia sekondari, mjini Bukoba. Niliomba ruhusa nikaja kumsaidia Mae, mama yetu, kumuuguza.

Dada hakuwa mtu wa kutishika. Mwaka wa vita, tulipokuwa bado tunaishi Kitendaguro, ndege zilidondosha mabomu nasi tukakimbia kwa miguu kuelekea Muleba, huku Kishanda, kwenye kibanja cha babu. Kipande cha chuma kilimchana Tata, baba yetu, pajani. Tulimfunga kwa kitambaa kilichochanwa kutoka gauni la Mae, tukaendelea kutembea. Tulipopata zahanati, kidonda kilikuwa kinanuka, na mganga alipofungua kile kitambaa tuliona funza wanacheza ndani. Mae aligeuka akalia. Mimi nilikimbilia nje. Dada, ambaye alikuwa bado msichana, alibaki ameshika beseni.

"Usilie, mama," mganga alimwambia Mae. "Hawa wamekula kilichooza tu. Tazama nyama waliyoiacha ilivyo nyekundu."

Akawaosha, akamfunga Tata upya, na mguu ukapona. Jioni ile Dada ndiye aliyenisimulia, macho yamemtoka kwa mshangao: wale funza walikuwa wamejipanga vichwa chini, mikia juu, kama watoto wanaokula sahani moja.

Chuoni nilikuja kujua kwa nini. Funza wa yule nzi wa kijani anayeng'aa anapumua kupitia mkiani. Anazamisha mdomo katika uozo, anatema mate yanayoulainisha, anakunywa, na muda wote huo haachi kuvuta hewa. Mama yake husikia harufu ya mauti kutoka mbali na hufika kabla ya waombolezaji. Bila ukoo huo, mizoga ingetulalia milangoni. Na ukoo wenyewe ni mpana. Mhadhiri wetu alituambia kwamba mababu zao yaelekea walikuwa walaji wa vilivyokufa, kisha katika muda mrefu ambao akili haiwezi kuushika, baadhi ya vizazi vyao vikahamia kwa walio hai. Wengine waliingia vidondani. Wengine walijificha ardhini ndani ya nyumba na kuwanyonya damu waliolala chini. Na wengine walijifunza kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Niliyaandika yote hayo nikafaulu mtihani.

Asubuhi moja nilikuwa namwosha Dada mgongo, nikaona kwamba katikati ya jipu moja kuna kitundu. Ndani ya kitundu, kitu cheusi kikachungulia, kikarudi.

"Dada," nikasema, "unasikia nini hapa?"

"Kama mtu ananichoma sindano kutoka ndani. Tangu juzi. Sikutaka kumtisha Mae."

"Kanga zako unaanika wapi?"

Alinionyesha kwa kidole kule kwenye migomba. Kamba ya kuanikia nguo tulikuwa tukitumia pamoja na jirani yetu, mke wa mwinjilisti, na Dada aliporudi, jirani alihamishia nguo zake kwingine bila kusema neno. Dada alielewa. Tangu siku hiyo alikuwa akitandaza nguo zake chini, kivulini mwa migomba, ili asimkere mtu. Pasi ya mkaa hakuwa na nguvu ya kuinyanyua.

Nikajua. Kuna nzi wa rangi ya njano, binamu wa yule wa kijani, anayetaga kwenye mchanga wa kivulini au kwenye nguo mbichi zilizolala chini. Mayai yakianguliwa, vifunza vinangoja joto la mwili. Wazee wetu walimfahamu kwa mbwa na watoto wachanga, lakini hofu ya ugonjwa ilikuwa imefuta kila maelezo mengine.

Nikapaka mafuta ya mgando juu ya kitundu, nikaziba kabisa. Tulingoja. Mae alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Yule mdudu alipokosa hewa akaanza kutoa mkia, nami nikabana taratibu pande zote mbili. Akatoka mzima, mnene, mweupe, amezungukwa na vimiba vidogo vyeusi.

Dada aligeuza shingo akamtazama kiganjani mwangu. Kisha akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arudi.

"Waitu! Kumbe nilikuwa na mpangaji!"

Mae akakaa chini kwenye mkeka, akalia kwa furaha. Ugonjwa mkubwa ulikuwa palepale, sote tulijua. Lakini hiki kilikuwa kitu kinachotoka.

Tuliwatoa wengine wote. Yule mnene Dada alikataa nimwue. "Amekula kwangu, lazima nimwone akiwa mtu mzima." Tukamtia kwenye chupa ya jemu yenye udongo mkavu, tukafunika kwa kipande cha chandarua. Akajichimbia, akawa kama kipunje cha kahawa, hakusogea tena. Kila asubuhi Dada aliomba chupa. Nilimweleza kwamba humo ndani yule funza anajivunja karibu mwili wote na kujijenga upya, na macho na mabawa yanatokea pale ambapo hayakuwepo.

"Peke yake? Gizani?"

"Peke yake."

"Basi huyo ana moyo," akasema.

Nzi alitoka siku ya jua kali, mkubwa, rangi ya ndizi iliyoiva. Tulimwekea kipande cha ndizi iliyochachuka akainyonya kwa utulivu. Mke wa mwinjilisti alikuwa amekuja kusalimia, amesimama uani kama kawaida yake siku hizo.

"Njoo uone yaliyokuwa majipu yangu," Dada alimwita.

Akaja. Aliinama juu ya chupa muda mrefu, kisha akatazama mgongo wa Dada, ambao ulikuwa umebaki na makovu madogo tu.

"Mtoto wa binti yangu analo hilohilo kwenye tako," akasema polepole. "Analia usiku kucha."

"Mlete."

Alimleta siku hiyohiyo. Dada aliegemezwa mito, mtoto akalazwa mapajani mwake, na ni yeye, si mimi, aliyepaka mafuta na kubana. Vidole vyake vilikuwa vimebaki mifupa, ila vilijua pa kubana. Mdudu alipochomoka, mke wa mwinjilisti alimkumbatia Dada hadi mito ikaanguka.

Baada ya hapo walikuja wengine kutoka vibanja vya mbali, wamebeba watoto, na wengine walimletea Dada mbwa. Aliwapokea wote. Aliwafundisha kina mama kuanika nguo juu juani na kupiga pasi hadi kwenye mishono. Wanawake wa kanisani wakaanza kufua kanga zake kwa zamu.

Alifariki mvua kubwa zilipoanza. Mazishini watoto walikuwa wengi kuliko nilivyozoea kuona, na mama zao waliwasogeza hadi mbele kabisa, karibu na jeneza.