Leza Niliyoiwasha Ukweni Kasansa

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe aibu yangu nimeshaizoea. Siku ya posa yangu kule Kasansa kazi niliyopewa ilikuwa moja: kukaa kimya. Anayeposa hasemi, husemewa na mshenga, na kwa wakwe zangu hao chakula kikishaletwa hubaki kimefunikwa mpaka wazee watoe jibu. Baba mdogo, ndiye mshenga wangu, alinionya tangu tunatoka Ilembo.

Basi baba yake Milembe, binti niliyekwenda kumposa (mzee wa Kisukuma, ng'ombe wengi, maneno machache) akauliza, "Huyu kijana anasomea nini huko chuo kikuu?" Baba mdogo akajibu kwa kujiamini, "Anasomea taa." Taa! Ningemeza tu, lakini usomi ukanikaba kooni, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Samahani baba, ni hesabu," na kabla baba mdogo hajanikanyaga mguu nimeshachomoa leza ya kuonyeshea ubaoni, nimefunga mlango giza liingie, nimeomba kitambaa chepesi, na bila kungoja nikavuta kile cha wavu kilichofunika mabakuli (naam, cha chakula).

Nikamulika kupitia kitambaa hicho. Nukta nyekundu zikajipanga ukutani. "Hizi zinatueleza nyuzi zimepangwaje," nikasema, nimeshanogewa. "Sasa chukueni mpangilio wote wa nyuzi, muusogeze hatua kwa hatua, una midundo yake. Kila nukta ina mdundo wake humo. Lakini kuna midundo mingine haitoi nukta kabisa, imejificha, na hiyo ndiyo ninayoitafuta kwa hesabu."

"Hm," akasema mzee.

Hapo nikamgeukia na leza yangu, nukta zikahamia kwenye shati jeupe la baba mkwe, na paka wao, ambaye sikuwa nimemhesabu popote, akachomoka chini ya kiti kuzifuata, akapitia ndani ya bakuli la mchuzi wa kuku, akatua kifuani kwa mzee akiwa ameloa. Nilitamani ardhi ipasuke. Jikoni nilimsikia Milembe akicheka, halafu akanyamaza ghafla, na kile kimya kiliniuma kuliko yote, maana binti huyo nampenda kweli.

Mzee akajifuta taratibu. "Nukta zako tumeziona," akasema. "Na hiyo midundo yako iliyojificha, tumeanza kuiona. Nyie rudini baada ya mavuno."

Sasa tunasubiri mpunga ukauke. Siku ya kurudi leza inabaki nyumbani, na hata baba mdogo akiwaambia nasomea kuchinja mbuzi, nitaitikia kwa kichwa.