Duka la Yaurti la Himbi

Napenda yaurti ya barafu kuliko chakula kingine chochote, na sioni haya kusema hivyo, ingawa mimi ni mwalimu na wanafunzi wangu wamenikuta mara nyingi nikiuma pembe ya sashe barabarani. Nilizaliwa Murara, mtaa wa Goma, katika familia ya Waislamu wenye asili ya Kasongo. Babu alikuja Goma na biashara ya chumvi na vitambaa, papa akawa dereva wa malori. Kila Ijumaa baada ya swala, papa alinishika mkono tukashuka hadi katikati ya mji, kwenye duka dogo lenye kongelateri kubwa, jokofu la kugandishia. Walimimina yaurti ndani ya sashe za plastiki, wakazifunga fundo, wakazigandisha. Ya waridi ilikuwa ya frezi, yaani stroberi, ya njano ilikuwa ya vanila. Papa alichagua nyeupe isiyotiwa kitu. Alisema rangi ni za watoto.

Duka lile lilimezwa na volkano. Nilikuwa bado mdogo mlima uliposhuka ndani ya mji, nasi tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na blanketi moja. Tuliporudi, jiwe jeusi lilikuwa limefika juu ya madirisha ya duka na bado lilikuwa linatoa mvuke. Niliuliza kongelateri iko wapi, nikaanza kulia, na mama akanivuta tuondoke kwa sababu watu wa pale walikuwa wanalilia nyumba zao.

Baadaye yalikuja maduka mengine. Birere kulikuwa na mama aliyechanganya yaurti na karanga zilizosagwa, nzito mpaka kijiko kinasimama. Karibu na benki kulikuwa na mashine iliyozungusha yaurti juu ya kone, nzuri kwa macho, lakini ilikuwa na ladha ya unga. Niliyapenda yote, hata yale mabaya. Kwenye duka la yaurti mtu anakaa, anakula polepole, anatazama njia. Katika mji wetu si kila siku mtu anaweza kukaa hivyo.

Mlima ulipopasuka tena nilikuwa mtu mzima. Mama alikuwa ameshafariki, tumebaki papa na mimi. Safari hii moto ulisimama pembeni ya mji, lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka tukiwa tunakula, tukiwa tunaoga, tukiwa tunasali. Ukuta wa jikoni ulipasuka kutoka juu hadi chini. Nikawa nalala na viatu miguuni. Kisha asubuhi moja wakuu wakatangaza kwenye redio kwamba tutoke, kwa sababu moto unaweza kutokea chini ya mji wenyewe, au chini ya ziwa, na gesi ya ziwa ikatumaliza. Watu wakamwagika barabarani na magodoro kichwani. Njia ya Sake ilikuwa imejaa, haina hata pa kupitisha mguu. Papa akasema, "Tupande Rutshuru. Ile njia ninaijua."

Aliijua, lakini ilikuwa imekatwa na lava. Magari yalishusha watu upande huu, wakavuka kwa miguu, wakatafuta magari mengine upande wa pili. Lile jiwe lilikuwa gumu juu tu. Nilihisi joto likipanda kwenye soli za sandali zangu mpaka plastiki ikaanza kulainika, na palipokuwa na ufa moshi ulitoka, unanuka kiberiti. Waliotutangulia walitupigia kelele tusisimame wala tusiiname, kwa sababu kuna watu waliokaa pale kupumzika na hawakuinuka. Katikati ya njia papa akaanza kukohoa. Akatafuta mahali pa kukaa.

"Papa, hapana kukaa!"

"Kidogo tu, mutoto yangu."

"Hapana! Kamata bega yangu!"

Nilimvuta kama gunia. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi mgongoni mwangu, nami niliogopa kugeuka nimtazame. Nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka nitakuta amekwisha.

Upande wa pili lori la viazi lilitupakia hadi Kalengera, likaharibika hapo. Mvua ilikuwa imeanza. Mwanamke wa umri kama wangu alisimama kando ya barabara na bido, dumu la maziwa, na kikombe, anawanywesha waliokimbia. Alimwona papa, midomo imemkauka, hawezi kusema. Alitupeleka nyumbani kwake bila kutuuliza jina wala dini.

Alikuwa Mkristo, wa familia ya wafugaji inayosema Kinyarwanda, na aliishi peke yake na ng'ombe alioachiwa na wazazi. Alitupa ikivuguto, yale maziwa ya kuganda ya kwao, mazito na machachu. Papa alikunywa, akalala siku nzima. Mimi sikuweza kumeza kitu. Kila lori lililopita lilitikisa kitanda, nami nilijikuta mlangoni kabla sijajua nimeamka. Ilikuwa hivyo kwa siku kadhaa, mpaka mwenyeji wetu akakaa kando yangu akaniuliza.

"Dada, weye ukiwa muzima, unakulaka nini?"

"Yaurti ya barafu."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mulima inawaka, na weye unawaza barafu!"

Lakini jioni alichanganya maziwa yake na asali na marakuja, yale matunda ya pasheni, akaweka bakuli nje lipigwe na baridi ya kule juu. Asubuhi haikuwa imeganda, ilikuwa baridi tu, na mbegu za marakuja zilikatika menoni. Nilimaliza bakuli lote. Alinitazama nikila, akasema kwamba siku akipata kongelateri atakuja kuuza kitu hicho Goma.

Ardhi ilipotulia tulirudi Murara. Hatukukaa sana, vita vikafika Kalengera, kwa mwenyeji wetu. Siku moja alinipigia simu: yuko Goma, amekuja kwa miguu na waliokimbia, ng'ombe wamebaki. Nilimkuta kando ya njia ana furushi la nguo na chupa ndogo ya ikivuguto aliyoifunga kifuani, chachu aliyorithi kwa mama yake. Papa alimfungulia mlango mwenyewe.

Alikaa kwetu mpaka alipopata chumba cha kupanga Himbi, karibu na maofisi, akanunua kongelateri kuukuu. Hilo ndilo duka nililolipenda kuliko yote. Lilikuwa na viti vya plastiki, pazia la maua na kibaraza kinachotazama njia inayoteremka ziwani. Yaurti yake haikuwa tamu sana. Aliigandisha nusu tu, ikawa laini kama mchanga uliolowa, akamwagia asali, au marakuja, au karanga za kukaanga zikiwa bado za moto. Watu wa maofisi walipanga foleni. Mimi nilikwenda Ijumaa na nilipewa kikombe cha karanga kabla sijaomba.

Lakini kadiri vita vilivyozidi kuteremka kuelekea mji, wateja walianza kumsikiliza anavyotamka. Waasi walisemekana wanasema Kinyarwanda, na yeye alisema Kinyarwanda, na kwa wengine hiyo ilitosha. Akipigiwa simu na shangazi yake alijifungia stoo, akasema kwa kunong'ona. Kibarazani nilisikia mtu akimwambia mwenzake, "Huyu naye ni wa kwao." Sikumweleza rafiki yangu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amesikia mwenyewe.

Kisha mabomu yakaanza kusikika mjini, shule zikafungwa, umeme ukakatika. Asubuhi moja alinipigia: yaurti inayeyuka, nije nichukue ya papa na ya majirani. Papa hakutaka niende, lakini njia ilikuwa bado na watu, na mimi nilimwogopea yule aliyekuwa peke yake kuliko nilivyojiogopea. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Himbi. Nilikuwa bado napanga vikombe ndani ya ndoo mlio wa kwanza ulipotokea karibu, kisha mingine mingi, ikafuatana bila kupumzika. Dereva wa moto aliyekuwa ananingoja aliiwasha akaondoka.

Tulifunga mlango, tukalala sakafuni nyuma ya kongelateri. Simu ya papa haikupatikana. Murara iko karibu na uwanja wa ndege, na milio mizito ilikuwa inatoka upande ule. Nilimwona papa kichwani kwa namna zote mbaya. Rafiki yangu alinishika kiganja, akaniambia kwa lugha yake, "Humura." Maana yake usiogope.

Risasi moja ilipita kwenye pazia na kuingia kongelateri. Nilisikia bati likilia, kisha kitu kikaniteremkia shingoni, kikaingia ndani ya kanzu, mpaka tumboni. Nilijua nimepigwa. Nilifumba macho nikaanza shahada. Nilisoma hadi mwisho, nikashangaa kwamba bado ninasikia. Ndipo nikatambua kwamba kile kitu kilikuwa baridi. Nilijipapasa, nikafungua macho, vidole vilikuwa vyeupe, vina mbegu za marakuja.

Baada ya hapo mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

"Fungula! Tunajua iko mutu ndani!"

Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya kijana wa mtaa ule ule, mteja wa Jumamosi, apendaye vanila. Sasa alikuwa pamoja na vijana waliopewa silaha kulinda mji. Nilimsukuma rafiki yangu aingie stoo, nyuma ya magunia ya sukari. Alitikisa kichwa, hakutaka niende mlangoni peke yangu. Nilimsukuma tena. Nilitembea nimeshika ukuta.

Nilifungua. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, macho mekundu, jasho.

"Ule mama ya yaurti iko wapi?"

"Alikwenda. Alivuka mupaka."

"Na weye ni nani?"

"Miye ni mwalimu. Mutoto ya Murara. Papa yangu ni mutu wa Kasongo."

"Sema Kinyarwanda kidogo," akasema mwingine aliyekuwa nyuma.

"Sijue."

"Unadanganya."

"Sijue hata neno moja." Neno nililolijua lilikuwa mdomoni bado, nililisikia kama punje ya mchanga. Niliogopa litatoka lenyewe.

Kijana wa vanila alikuwa ananitazama kanzu. "Umepigwa?"

"Hapana. Ni yaurti."

Hakuna aliyecheka. Macho yake yakashuka sakafuni, kando ya mlango, palipokuwa na sandali zangu. Kando yazo zilikuwepo sandali za mwenzangu, kubwa kuliko zangu, amezivua kama desturi yake. Alizitazama sana. Niliinama kwenye ndoo nikampa kikombe, kisha nikawapa wengine, mikono inamwaga yaurti sakafuni. Walikula wamesimama, wanatazama njia. Milio ikasogea. Mmoja akapiga mluzi, wakaanza kukimbia kuelekea ziwani.

Yeye alikuwa wa mwisho kuondoka. Aliweka kikombe juu ya kiti.

"Mufunge muzuri," akasema.

Mpaka leo najiuliza. Kwetu Goma unaweza kumwambia hivyo mtu mmoja kwa heshima, hasa akiwa mwalimu, na unaweza kuwaambia hivyo watu wawili. Rafiki yangu anasema yule kijana alikuwa amejua kwamba tuko wawili. Mimi sijui. Sikumwona tena.

Tulibaki mle ndani mpaka milio ilipokwisha na mji ukawa na wakuu wapya, wale waasi. Tulikula yaurti iliyochacha kwa sababu hakukuwa na kingine, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuila kwa kichefuchefu. Njia ilipofunguka tulitembea hadi Murara pamoja. Nilimfunga kitambaa changu kichwani, nikamwambia asifungue mdomo, ingawa waliosimama njiani sasa walikuwa wengine, na pengine mdomo wa kufungwa ulikuwa wangu. Hatukujua tena nani wa kumwogopa. Papa tulimkuta chini ya kitanda. Paa lilikuwa na tundu, na yeye hakuwa na jeraha. Alituita kwa vyeo, "mwalimu" na "mama ya yaurti", kwa sauti ya mtu asiyeamini, kisha akaomba maji.

Kwenye chumba cha Himbi rafiki yangu hakurudi tena. Sasa anauza kwetu, uani, mbele ya ule ukuta wa jikoni uliopasuka, na kongelateri nyingine ambayo papa aliitafuta Birere. Umeme unapokuwepo yaurti inaganda, usipokuwepo anauza maziwa. Watu wale wale waliomsema kwa kunong'ona wanakuja kumwomba awasemee kwa wakuu, naye anawaambia hajuani na mtu yeyote, anajua maziwa tu. Simu ya shangazi yake bado anaipokelea chumbani, mlango umefungwa.

Mimi bado nakula kila siku. Nakula ndani, nimesimama, mgongo ukutani, na moto ikipita na mlio mkali kijiko kinanianguka.