Bi Mashine na Maneno ya Dada Yake

Bi Mashine, binti wa mpiga pasi aliyenyoosha suti za maharusi wa mtaa mzima bila kuunguza hata moja, mjukuu wa mkunga aliyewapokea nusu ya maharusi hao, ndiye aliyepiga chapa maelezo ya mashahidi mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja. Shule aliishia darasa la saba, wala hakuficha. "Darasa ni la saba," alikuwa akisema, "lakini masikio ni mawili na yote yanafanya kazi."

Kazini alikuwa na mwiko mmoja: shahidi akimeza neno, yeye hakulitapika kwa niaba yake. Aliyesema "nshamwambia" aliandikiwa hivyo hivyo. Pale sauti ilipopotea kabisa aliacha pengo, akasoma alichoandika, akangoja mwenyewe ajaze.

"Bibi wee," makarani walimtania, "hakimu atadhani umeishiwa herufi."

"Herufi ninazo. Ushahidi ndio si wangu."

Alikuwa amekwisha kustaafu wakati dada yake mkubwa, fundi cherehani, alipopata kiharusi. Mkono ulipona, ulimi ukabaki mzito. Maneno yakawa yanatoka mengine hayana kichwa, mengine hayana mkia. Mwanawe, muuza vipuri vya baiskeli, mtoto mwema asiyejua kungoja, akawa anayamalizia. Mama anaanza, yeye anamaliza. Mama akiletewa chai asiyoitaka, anainywa. Baada ya miezi miwili alikuwa hasemi tena ila kwa kichwa.

Asubuhi moja Bi Mashine akafika kwa dada yake, akakuta cherehani imetolewa ukumbini, imefungwa kamba.

"Mama kakubali kuhamia kwangu," mwana akasema. "Hii tutampa mtu."

"Kakubali kwa maneno gani?"

"Mama mdogo, nawe! Si unajua hamalizi neno?"

"Sikuuliza kama kamaliza. Nimeuliza kasemaje."

Kijana akakuna kisogo. Bi Mashine akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na dada yake, karatasi mapajani.

"Haya dada, sema. Mimi sina pa kukimbilia."

Dada akatafuta neno. Kijana akafungua mdomo. Mama mdogo akamwinulia kalamu kama fimbo. "Shahidi hajamaliza."

Jasho likamtoka dada. "S'... ami. Nna... kazi."

"S'ami. Nna, hapa pana pengo, kazi," Bi Mashine akasoma. "Kazi gani?"

"Za... watu. Nguo." Akanyoosha kidole kwenye kapu la vitambaa vilivyokatwa kabla hajaugua.

"Mama, ukianguka je?" Hofu ya mwana ilikuwa ya kweli.

"N'ta... inuka."

Bi Mashine akasoma yote tangu mwanzo, polepole. "Ndivyo?"

"Ndi'o." Dada akachukua kalamu, akatia sahihi mwenyewe.

Kijana akainama, akaanza kufungua kamba. "Kumbe miezi yote hii nilikuwa namsemea nini?"

"Ya kwako, baba. Si mabaya, ila ya kwako." Bi Mashine akamtupia daftari jipya. "Alhamisi ni kliniki. Utampeleka wewe; ngazi zile zimenishinda. Daktari atakuuliza wewe hali ya mama. Mwambie amuulize mwenyewe. Kisha kaa, andika anachosema, na huo mdomo wako ufunge mpaka mrudi."