Uwanja Uliozibwa kwa Kanga

Tuliokuwepo ni wanne. Mimi, mwanangu wa mwisho, ambaye nyumba ni yake, mkewe, mtu wa bara, amesilimu alipoolewa, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuja kukaa nami eda. Majina ya wote ninayo kichwani, hata ya waliochimba kaburi ninayo, ila humu siyaandiki. Wenyewe watajijua.

Nyumba iko Kibamba, ndani ndani, lami imeshaisha. Zamani mie na mzee tulikuwa Manzese. Kule nyota sizikumbuki, juu kulikuwa na taa za maduka na moshi. Tulipohamia huku ndiyo akaanza mambo yake. Baada ya isha anatoa viti viwili nyuma ya jiko, ananiita. “Njoo. Usizungumze kwanza, acha macho yazoee.” Mwanzo unaona chache. Ukitulia zinazidi, mpaka zinakuwa kama unga uliopukutika kwenye buibui. Upande wa Kinyerezi mbingu ina rangi ya chai ya maziwa, taa za mjini hizo, tulikuwa tunazipa mgongo. Nilikuwa napenda. Nakumbuka kwamba nilikuwa napenda.

Alipofariki sikulia. Jeneza lilipotoka sikulia, hitma iliposomwa sikulia. Chakula nilikula, wakinipa. Watu wakawa wananitazama usoni. Nikajiambia, nikikaa pale nyuma ya jiko, machozi yatakuja. Nilichotaka ni hicho tu.

Basi jioni moja nikaomba nitoke uwanjani nitazame nyota. Wifi akaweka kikombe chini.

“Eda gani hiyo ya kutoka nje?”

“Shangazi, uwanjani si kwetu?” mwanangu akasema.

“Uwanja gani? Ukuta mmejenga pande tatu, wa nne mnamngoja nani? Mpita njia achungulie, amwone mjane wa kaka yangu kainua kidevu kama kuku anakunywa maji!”

Mkwe wangu akacheka, akajiziba mdomo. Hata mie nilijua inachekesha.

“Kwani nyota zinahama, wifi?” akaniambia yeye. “Eda ikiisha utazikuta.”

Mwanangu akampigia simu ustadhi wa msikiti wetu, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Ustadhi akasema penye sitara ni ndani, pasipo sitara ni nje.

“Mmesikia wenyewe,” wifi akasema.

“Sasa shangazi,” mkwe wangu akasema taratibu, “si tuweke sitara?”

Mie nikaenda kulala. Hata hasira sikuwa nayo.

Kesho yake, magharibi inakaribia, nikasikia mtu anahangaika uani. Wifi kaihamisha kamba ya kuanikia, kaifunga toka ukuta wa choo mpaka kwenye mfenesi, ule upande ulio wazi. Kanga zake zote alizokuja nazo kazitundika, doti nyingine hata hazijakatwa. Zilipopungua, akachukua shuka langu. Baada ya isha akatoa viti. Hakujua kipi cha nani. Akakaa kwenye changu, mie nikakaa kwenye cha marehemu.

“Haya. Kaka alikuwa anatazama nini huku?”

“Usizungumze kwanza. Acha macho yazoee.”

Kanga zilikuwa zinapigwa na upepo. Nyota zikaja, zikajaa kama zamani. Nikamwonyesha Kilimia, juu ya mfenesi.

“Mie naona kiwingu tu.”

“Ndicho hicho. Ni nyota zimesongamana. Mie naona sita. Yeye alikuwa anasema anaziona saba.”

“Muongo huyo,” wifi akasema. “Tangu utotoni muongo.”

Halafu akaanza kulia, yeye, mabega yanatikisika. Mie nilingoja. Nikamshikia kikombe chake cha chai kisimwagike, nikaendelea kutazama juu. Nilikuwa nazihesabu, nikifika sita naanza upya.

Jioni zilizofuata alizitundika kanga bila kuombwa, na mie nikawa natoka.

Sasa wifi anasema usiku ule na mie nililia, eti uso wote ulikuwa umelowa. Mie sikumbuki hivyo. Mkwe wangu, wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa jiko na birika mkononi. Kama nimekosea, nisahihishe. Kama uliona, niambie.