Bomba la Kisima Katika Ndege ya Baba

Ashukuriwe Mungu wa mbinguni, aliyenipa pumzi hadi leo na moyo wa kutulia. Nimemwomba uvumilivu katika mengi, na amenipa. Katika hili moja bado nina hasira, na ninaandika nikiwa nayo.

Enzi zetu, miaka ya tisini pale Lumemo, watoto wa fundi Kasiani tulichezea vyuma. Wenzetu walikuwa na mipira ya makaratasi, sisi tulikuwa na rimu, spoki na cheni zilizochakaa. Uani kwetu kulinuka moshi wa kuchomelea na samaki kitoga wa kukaanga. Tukirudi shule tunamwamkia baba shikamoo, naye anajibu bila kuvua miwani yake myeusi: "Marahaba. Haya, shikeni hapa."

Alikuwa anatengeneza ndege. Ndiyo, ndege, ya watu wawili. Masika mto ulifurika, barabara ya Mngeta ikazama, na wagonjwa walipakiwa kwenye baiskeli hadi baiskeli nazo zikashindwa na tope. Dada yake baba alifia njiani namna hiyo. Baba hakulia sana. Alianza kukusanya mabomba.

Mbawa zilikuwa za turubai, magurudumu ya toroli, injini ya pikipiki. Kilichomnyima raha ni kiti cha injini, ile fremu ya mabomba inayoishikilia injini puani mwa ndege. "Bawa likitoboka nitashuka," alituambia. "Injini ikichomoka sishuki, naanguka." Nondo aliikataa kwa sababu ya uzito. Alumini ilikuwa nyepesi, ila alisema mtikisiko ungeipasua. Mwishowe akachagua mabomba ya fremu za baiskeli kuukuu, yale membamba na magumu, yaliyobeba magunia ya mpunga kutoka Mkula miaka nenda rudi bila kupinda.

Kila bomba alilining'iniza kwa uzi, akaligonga kwa kijiko. Lililo zima liliimba. Lililooza ndani lilijibu puu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Tukafanya huo kuwa mchezo: tunafumba macho, baba anagonga, sisi tunapiga kelele, "Zima!" au "Bovu!" Nani leo anamfundisha mwanawe kusikiliza chuma? Vijana wanachagua dirisha la chuma kwa rangi, mwizi akija analikunja kama karatasi, halafu wanaandika malalamiko kwenye simu.

Habari zikaenea, na watu wa mtaa mzima wakaifanya ndege kuwa yao. Kama ilivyo kwa harusi, kila nyumba ikaleta mchango wake: huyu parafujo, yule kipande cha turubai. Jirani yetu Mzee Linus, aliyemsimamia baba ndoa, akaja na bomba la zinki alilong'oa kwenye kisima chake kilichokauka.

"Kasiani, bomba hili limenywesha mtaa huu wote. Sasa lipande juu. Liweke hapo penye injini, watu walione."

Baba akalining'iniza, akaligonga. Puu.

"Bovu!" mdogo wangu akapaza sauti.

Mzee Linus akacheka. "Fundi, watoto wako hawana adabu." Akaaga.

Mama akaweka ungo chini. "Baba Agata, hilo bomba limekufa."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Yule ni mzee wangu. Nikimrudishia, nitapita wapi mtaa huu?"

"Utapita hapahapa chini, kwa miguu yako mwenyewe!"

Baba akachukua msumeno. Alilikata, akalichomelea, na moshi mweupe wa zinki ukatukohoza sote. Bomba moja la heshima likakaa katikati ya mabomba ya baiskeli.

Tulijaribu injini uwanja wa mpira, Jumapili baada ya misa. Ndege ilifungwa kamba kwenye kisiki isije ikaondoka.

"Fundi, ukifika Mngeta waambie wapike wali!"

"Wapike mwingi, sisi tunakuja nyuma kwa miguu!"

Injini ikanguruma, majani yakalala, tukaruka kwa furaha. Baba akainama pembeni kurekebisha kabureta. Ndipo bomba la kisima lilipokatika penye mshono, injini ikalala upande, na pangaboi lililokuwa likizunguka puani likampata mkono. Hospitali walimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko.

Alibaki hai, na kwa hilo nashukuru kila asubuhi. Lakini Mzee Linus alikuja na kuku, akaketi, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, Kasiani." Na baba, fundi asiyekuwa tena na mkono wa kuchomelea, akamjibu, "Asante, mzee."

Hapo hasira yangu ilizaliwa. Mungu hakuling'oa bomba lile kisimani. Mungu alitupa masikio, nasi sote tulisikia. Nimesoma katekisimu na kuifundisha miaka mingi. Sijaona mahali ambapo amri ya kuwaheshimu wakubwa inasema tuwape na mikono yetu.

Leo mto una daraja na mgonjwa wa Mngeta anavuka. Watoto wetu hawajui kitoga wa uani wala kishindo cha bomba bovu, nami nawahurumia. Tunawasema hawana adabu. Lakini juzi mfadhili alituletea nondo zilizoliwa na kutu kwa ajili ya paa la kigango. Wazee tukaanza kushukuru. Mwanangu akasimama: "Shikamoo, mzee. Nondo hizi hazifai, zitaua watu." Watu wakaguna, mfadhili akaondoka amenuna. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu enzi zetu, pamoja na utamu wake wote, hapakuwa na mtu mzima hata mmoja wa kumwambia mzee maneno hayo.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki. Akujalie adabu isiyoogopa kweli, na akulindie mikono yako yote miwili, na ya watoto wako.