Ngitili ya Majini: Nyanjige na Mafunjo ya Kiloleli

Maji yanamfika Nyanjige Mayige magotini. Ameinama, mkono mmoja umezama topeni, mwingine umeshika kipande cha mzizi wa mafunjo chenye machipukizi. Anakididimiza, anakikanyaga kwa kisigino, kisha anachomeka kijiti pembeni na kukifunga kwa kamba ya katani ili mawimbi yasikichukue.

Nyuma yake, juu ya ukingo, kengele ya ng'ombe inalia. Anainua kichwa haraka.

“Hao wanapita tu,” anasema baada ya kuwatazama kwa muda. Anainama tena.

Nyanjige (46) ni mkulima wa mpunga na mchuuzi wa samaki katika Kata ya Kiloleli, wilayani Busega. Wageni wengi wa Mkoa wa Simiyu huishia Bariadi, kwenye pamba na mifugo, wasijue kuwa mkoa huu nao una ufukwe wake wa Ziwa Victoria. Kwa miaka mitatu sasa, yeye na wenzake, wavuvi, wakulima na wafugaji, wanarudisha mafunjo na matete yaliyofyekwa zamani kupisha mashamba.

“Tulifyeka sisi wenyewe,” anasema. “Mpunga ukakubali misimu michache. Halafu ziwa likaanza kuingia shambani, na sato wakapotea. Walikuwa wanazalia humu humu.”

Zamani alikuwa akipeleka sokoni beseni zima la sato kwa siku. Sasa akipata nusu beseni kwa wiki, anashukuru.

Mizizi ya kupanda huletwa kwa mtumbwi na Joakim, kiongozi wa wavuvi, kutoka ghuba ya jirani ambako mafunjo hayakuguswa. Yeye haoni aibu kueleza kwa nini kazi hii inahitaji watu wa pande zote.

“Wavuvi tukipanda peke yetu, ng'ombe watakula,” anasema. “Wafugaji wakipanda peke yao, sisi tutaburuta nyavu za kokoro juu yake. Bora tuchungane.”

Kuchungana huko kulianza kwa jambo ambalo kila Msukuma analijua: ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, kisha hufunguliwa kwa mifugo kiangazi, nyasi zinapokwisha kwingine. Kijiji kiliutangaza ukingo wa ziwa kuwa ngitili. Hakikuweka mlinzi wala uzio, na hakuna aliyeingiza hata mbuzi.

Kisha Agosti ya mwaka jana ikafika. Nyasi zikaisha. Wafugaji wakafanya walivyofanya siku zote: wakafungua.

Jioni ile hapakuwa na funjo hata moja lililosimama. Palibaki tope lililojaa alama za kwato.

“Hakuna aliyeiba,” anasema Nyanjige. “Ngitili hufunguliwa, ndiyo kazi yake. Mkutanoni tuliongelea kufunga tu. Habari ya kufungua hatukuigusa, kila mtu alidhani inajulikana.”

Kundi lililotangulia kuingia lilikuwa la Mahona, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, pamoja na ng'ombe ambao ndugu zao wa Sapiwi, mbali na ziwa, humletea wakati wa ukame. Mkutano wa kijiji ulipouliza nani alitangulia, Nyanjige alisimama akamtaja.

Halikuwa jambo dogo. Tangu awe mjane, maksai wa Mahona ndio waliokuwa wakimlimia. Msimu ule hawakuja. Yeye na binti yake, Kwandu, walilima kwa jembe la mkono, na nusu ya shamba ikalala.

“Hakunitukana. Aliacha tu kuja,” anasema, akiosha tope kidole kimoja kimoja.

Mwaka huu wamepanda upya, na kufungua kumejadiliwa. Wavuvi wamechimba njia na kuitandika mawe ili ng'ombe wafike kunywa sehemu moja tu. Wafugaji wamepanda minyaa pande zote mbili iwe uzio. Jumamosi hii ngitili itafunguliwa, lakini kwa mundu: nyasi za sehemu kavu zitakatwa na kupelekewa ndama na ng'ombe dhaifu. Mafunjo ya majini hayaguswi.

Mahona hajasema kama atakubali. Kundi lake ndilo kubwa kuliko yote, na wengine wanamtazama yeye.

Tukiwa hapo anatokea, fimbo imelala mabegani.

“Mwangaluka, mayu,” anasalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

“Mwangaluka, shemeji. Mhola?”

“Mhola. Bado unapanda majani? Wenzako wanapanda mahindi.”

“Mahindi hayazai samaki.”

“Na samaki hakamuliwi maziwa.”

Joakim anacheka kutoka mtumbwini. “Hapo kakuweza, mayu!”

“Wewe nyamaza,” Nyanjige anamgeukia. “Kokoro lako tunalijua lilipofichwa.”

Mahona anacheka pia, kwa sauti ndogo. Kisha anashuka kwenye njia ya mawe. Anagonga jiwe moja kwa fimbo, analisugua kwa kandambili yake, anatikisa kichwa.

“Yanateleza. Ndama atavunjika mguu hapa.”

“Sema yawe vipi, shemeji.”

“Mwageni changarawe juu. Nyingi.” Anapanda tena ukingoni. “Jumamosi nitaleta ndama kwanza. Wakubwa nitaona.”

“Na nyasi?”

“Nitakata mwenyewe. Ninyi mkikata mnang'oa na mizizi.”

Anaondoka bila kuaga. Habari ya maksai hakuna aliyeigusa.

Nyanjige anabaki amesimama majini, kana kwamba amesahau mzizi ulio mkononi. Anapozinduka, anaupanda harakaharaka, anajifuta mikono kwenye kanga na kumwita Joakim asogeze mtumbwi. Changarawe ipo ng'ambo, mdomoni mwa kijito, na mtumbwi hauwezi kubeba nyingi kwa safari moja.

Anaulizwa kama anatarajia shemeji yake atamrudishia maksai, mvua zikianza.

“Hayo sijayafikia,” anasema, akiingiza karai mtumbwini. “Nataka ndama wake ashuke, anywe, arudi juu na miguu yake minne. Akirudi salama, tutakuwa na pa kuanzia kuongea.”