Kiganja cha Mpiga Picha

Pale studio walimwita Mama Vyombo, kwa sababu kila sahani, taa na kisu kilichoonekana kwenye filamu kilipitia mikononi mwake. Kazi aliipenda, isipokuwa siku za kuigiza watu wanakula. Nyota wao, yule ambaye picha zake zilibandikwa hadi kwenye vibanda vya vinyozi, alitafuna mbele ya kamera, na mwongozaji akisema "Kata!" aligeuza shingo na kutema. Mama Vyombo alipaswa kuwa na bakuli chini ya kidevu. Waigizaji wengine walijitemea wenyewe pembeni. Yeye hata kutazama bakuli liko wapi hakutazama.

Basi wenye studio wakamfanya nyota huyo mkurugenzi mkuu.

Jana yake mpiga picha wa filamu zao alikuwa akimwita "tumbo lenye miwani". Leo ni "mheshimiwa" kila neno la tatu. Mkurugenzi mpya akawakusanya kwa chakula cha mchana, akahutubia huku mdomo umejaa: "Studio hii ni familia!" Kipande cha nyama kikamshinda meno. Akageuza shingo, kama mazoea yake. Mama Vyombo alikuwa mbali, akipanga vikombe.

Mpiga picha akakinga kiganja.

Akatemewa. Akafumba ngumi, akatabasamu, akakaa na ule uchafu mkononi mpaka hotuba ikaisha. Watu wakapiga makofi. Mama Vyombo akaviacha vikombe, akamfuata.

Akamkuta bombani akinawa.

"Usinitazame hivyo, dada. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Kuubusu ni sawa. Wewe wako umeufanya jaa."

Wiki haikuisha, mpiga picha akawa meneja wa uzalishaji.

Nyumbani Mama Vyombo alimsimulia mumewe, akitumaini watachukizwa pamoja. Mume akacheka hadi akakohoa. "Mke wangu nawe! Miaka yote umeshika bakuli bure. Ungekinga wewe, leo tungekuwa mbali."

Mama Vyombo akamwekea chakula, akatoka kukaa barazani. Alimpenda mume yule, na usiku ule hakutaka hata kumsikia akitafuna.

Filamu iliyofuata ilikuwa na karamu. Mkurugenzi, maana uigizaji hakuuacha, akageuza shingo. Mama Vyombo akaliweka bakuli mezani.

"Lipo hapo, bosi. Jitemee."

Nyota akameza kwa shida, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni nani?"

"Nilikuwa hapa kabla yako."

Nyota hakumfukuza; meneja mpya, yule mpiga picha, ndiye aliyemhamishia kwa maseremala, apige msasa mbao za kuta za bandia. Vumbi lilimkaba, na heshima ya chumba chake cha vyombo ilikwenda na maji. Kule kwenye vyombo, wasichana wawili waligombea nafasi yake ya kushika bakuli hadi wakanuniana. Alipoambiwa habari hizo alisonya, akafunga kitambaa puani, akavuta ubao mwingine.